Sedasys: Mashine iliyopewa kazi ya kuwalaza wagonjwa na sababu za kuanguka kwake

MNAMO Mei 2013, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha chombo cha aina yake: mashine ya tarakilishi inayompa mgonjwa dawa ya usingizi kidogo kidogo huku daktari akichunguza umio na tumbo, au utumbo mpana. Mashine hiyo, iliyojulikana kama Sedasys, ilitengenezwa na Ethicon Endo-Surgery, kampuni tanzu ya Johnson & Johnson. Machi 2016, kabla ya miaka mitatu kutimia, watengenezaji walitangaza kwamba hawataiuza tena.

Sedasys haikupigwa marufuku na serikali. Iliondolewa kwa kukosa wanunuzi, ingawa madaktari walioitumia walikuwa wakiisifu. Kisa chake kingali kinarejelewa kila panapozuka mjadala kuhusu kazi za kitabibu zinazoweza kuachiwa mitambo. Kinafaa pia kufahamika na yeyote atakayelazwa kitandani ili mrija wenye kamera upitishwe kooni mwake, kwa kuwa kinaonyesha bayana hatari ya usingizi wa aina hiyo iko wapi na nani anapaswa kuizuia.

Safari ya kuingia tumboni

Endoskopi ni mrija mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera kwenye ncha. Daktari huupitisha kinywani, ukateremka kwenye umio hadi tumboni, kisha ukaingia sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Picha huonekana kwenye skrini. Kupitia mrija uo huo, daktari anaweza kunyofoa kipande kidogo cha nyama kikapimwe kwenye maabara, kuzuia kidonda kinachovuja damu au kupanua umio uliobanwa. Mara nyingi shughuli yote huchukua kati ya dakika 5 na 15.

Jitihada za kuona ndani ya tumbo la mtu aliye hai zilianza zamani. Mnamo 1868, daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alitumia bomba lililonyooka, na aliyekubali kulimeza alikuwa mfanyamazingaombwe aliyezoea kumeza panga mbele ya watazamaji. Mgonjwa wa kawaida asingeweza kustahimili mateso hayo. Mabadiliko makubwa yalitokea mwaka 1957 katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pale Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, alipopata chombo kinachopindika kilichosafirisha mwanga kupitia nyuzi nyembamba za kioo. Alikijaribu kwanza kwa kukipitisha kooni mwake mwenyewe.

Hata hivyo, koo la binadamu limeumbwa kukataa kitu kigeni. Mrija unapogusa nyuma ya ulimi, mtu hutaka kutapika, hukohoa na aghalabu huingiwa na hofu kwamba anakabwa roho. Wapo wanaostahimili kwa kupuliziwa tu dawa ya ganzi kooni, na katika nchi nyingi hiyo ndiyo njia ya kawaida. Wengine hushindwa. Mgonjwa anayefurukuta humzuia daktari kuona vyema, na aliyeteseka mara ya kwanza huenda asirudi kwa uchunguzi wa pili hata kama maisha yake yanautegemea. Ndiyo sababu dawa za kutuliza hutumika.

Ngazi nne zisizo na kuta

Katika lugha ya kila siku husemwa kwamba mgonjwa "amelazwa kwa dawa", lakini wataalamu hutofautisha hali kadhaa. Chama cha Madaktari wa Nusukaputi cha Marekani (ASA) huzigawa katika ngazi nne.

Katika ngazi ya kwanza, mgonjwa yu macho ila wasiwasi umepungua. Katika ya pili, inayoitwa utulivu wa wastani, amesinzia, lakini akiitwa au akiguswa huitika, na hupumua bila msaada. Katika ya tatu, usingizi ni mzito: haitiki ila anaposumbuliwa tena na tena au anapohisi maumivu, na huenda njia yake ya hewa ikajifunga. Ngazi ya nne ni nusukaputi kamili, ambapo mgonjwa haamki hata akiumizwa na kwa kawaida lazima asaidiwe kupumua.

Shida ni kwamba hakuna ukuta kati ya ngazi moja na nyingine. Dozi inayomfanya mtu mmoja asinzie tu yaweza kumzamisha mwingine mwenye umri na uzito uo huo. Mgonjwa pia hubadilika kadiri dakika zinavyosonga: mrija unapopita kooni husisimka, na ukishatulia tumboni kichocheo hicho hutoweka, naye akazama zaidi ingawa hakuongezewa dawa. Kutokana na hali hiyo, ASA ilishikilia kanuni muhimu: yeyote anayekusudia kumfikisha mgonjwa kwenye ngazi fulani sharti awe na uwezo wa kumwokoa akiteleza hadi ngazi iliyo chini zaidi. Kanuni hii ndiyo iliyokuja kuamua hatima ya Sedasys.

Dawa nyeupe isiyo na kiuasumu

Kwa miaka mingi, dawa zilizotumiwa wakati wa endoskopi zilikuwa midazolam, inayoondoa wasiwasi na kumbukumbu, pamoja na dawa ya maumivu kama vile fentanyl au pethidine. Daktari anayefanya uchunguzi huagiza, na muuguzi hudunga. Faida kubwa ya dawa hizi ni kwamba zina kiuasumu. Flumazenil huzima midazolam, na naloxone huzima fentanyl. Ubaya wake ni kwamba hukawia kuanza kazi na hukawia zaidi kuisha, hivi kwamba mgonjwa hushinda kitandani akiwa na kizunguzungu.

Propofol ilibadili mambo. Iligunduliwa katika maabara za kampuni ya ICI nchini Uingereza miaka ya 1970, katika utafiti ulioongozwa na Iain Glen, daktari wa mifugo kutoka Scotland. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1986 na ikaidhinishwa Marekani mwaka 1989. Glen alitunukiwa tuzo ya Lasker mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Dawa yenyewe ni nyeupe kama maziwa kwa sababu huchanganywa na mafuta ya soya. Humlaza mtu katika muda usiozidi dakika moja, na ikikatizwa, mgonjwa huamka baada ya dakika chache akiwa na akili timamu.

Ila propofol haina kiuasumu. Ikizidi, hudhoofisha pumzi na kuteremsha shinikizo la damu, na tiba pekee ni kuikatiza na kumsaidia mgonjwa kupumua hadi mwili uiondoe. Nafasi kati ya dozi inayotuliza na dozi inayosimamisha pumzi ni finyu. Kwa sababu hiyo, maelezo rasmi ya dawa hiyo nchini Marekani yalisema itolewe tu na watu waliofunzwa kazi ya nusukaputi, ambao hawashiriki katika uchunguzi wenyewe.

Ulimwengu mzima ulilisikia jina la dawa hii baada ya kifo cha mwanamuziki Michael Jackson jijini Los Angeles mnamo Juni 25, 2009. Uchunguzi wa maiti ulibaini kwamba aliuawa na propofol, aliyopewa nyumbani kama dawa ya kupata usingizi. Daktari wake, Conrad Murray, alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2011. Dawa inayotumiwa kila siku hospitalini bila madhara iligeuka sumu pale ilipotolewa bila mitambo ya kufuatilia pumzi na bila mtu wa kuokoa.

Gharama iliyozaa wazo

Nchini Marekani, sharti hilo la propofol lilikuwa na bei yake. Kila daktari wa endoskopi aliyetaka kuitumia alihitaji mtaalamu wa nusukaputi chumbani, naye hudai ada yake kando. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la chama cha madaktari cha nchi hiyo ulionyesha kwamba sehemu ya uchunguzi wa endoskopi uliofanywa kwa msaada wa wataalamu wa nusukaputi ilipanda kutoka takriban asilimia 14 mwaka 2003 hadi zaidi ya asilimia 30 mwaka 2009. Zaidi ya thuluthi mbili ya huduma hizo zilitolewa kwa wagonjwa wasiokuwa na hatari kubwa.

Wenye bima na walipa kodi walianza kuuliza: ikiwa mgonjwa ni mzima wa moyo na mapafu, na uchunguzi ni wa dakika kumi, je, ni lazima kumlipa bingwa wa nusukaputi? Sedasys ililetwa kama jibu la swali hilo. Magazeti ya Marekani yaliripoti mwaka 2015 kwamba kuitumia mashine hiyo kuligharimu kati ya dola 150 na 200 kwa mgonjwa mmoja, ilhali huduma ya mtaalamu wa nusukaputi ingeweza kufikia dola 2,000.

Jinsi mashine ilivyofanya kazi

Sedasys ilikuwa na sehemu mbili kuu. Ya kwanza ilifungwa kando ya kitanda na kumfuata mgonjwa tangu maandalizi hadi anapoamka. Ilipima mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kiwango cha oksijeni. Ya pili ilibaki katika chumba cha uchunguzi, nayo ilikuwa na skrini, pampu ya propofol na kifaa cha kupima hewa ya kaboni inayotoka puani.

Kipimo hicho cha mwisho kina umuhimu wa pekee. Kifaa kinachobanwa kidoleni huonyesha oksijeni iliyomo katika damu, lakini mgonjwa anayepewa oksijeni ya ziada anaweza kuacha kupumua na nambari zikaendelea kuonekana nzuri kwa muda. Hewa ya kaboni hudhihirisha kasoro mara moja: pumzi ikikatika, mchoro kwenye skrini hulala chini papo hapo.

Kabla ya uchunguzi kuanza, muuguzi aliingiza uzito wa mgonjwa na kumdunga dozi ndogo ya fentanyl. Daktari aliamua kiwango cha kuanzia. Kisha tarakilishi ilikokotoa kipimo cha propofol na kukisukuma mshipani polepole, badala ya kukimimina kwa mkupuo.

Jambo la kipekee zaidi lilikuwa namna mashine ilivyompima mgonjwa mwenyewe. Alivishwa kifaa sikioni na kupewa kingine mkononi. Kila baada ya muda, sauti ya upole ilimwomba abane mkono wake, na kifaa kikatetemeka kiganjani. Alipobana, mashine ilijua kwamba bado yuko katika utulivu wa wastani. Aliposhindwa kuitika, ilikataa kumwongezea dawa.

Endapo oksijeni ilishuka au pumzi zikapungua, mashine ilipunguza au kukatiza propofol yenyewe, ikaongeza oksijeni inayopita puani, ikapiga king'ora na kumwagiza mgonjwa kwa sauti avute pumzi. Daktari aliweza kupunguza dawa wakati wowote, lakini hakuweza kuilazimisha mashine kuvuka mipaka iliyowekewa. Kwa maneno mengine, iliundwa ikiwa na woga wa makusudi.

Miaka minne ya kutafuta kibali

Jaribio kuu la Sedasys lilihusisha wagonjwa 1,000 katika vituo 8 nchini Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Baadhi walitulizwa na mashine, na wengine wakapewa dawa za kawaida zilizodungwa na wauguzi. Waliotulizwa na mashine walipungukiwa na oksijeni kwa kiasi kidogo kuliko wenzao, na wakapata nafuu upesi.

Mnamo Mei 2009, jopo la washauri wa FDA lilipiga kura 8 dhidi ya 2 kuunga mkono mashine hiyo. Kwa kawaida mamlaka hiyo hufuata ushauri wa majopo yake. Safari hii haikufanya hivyo: mwaka 2010 iliikataa Sedasys kwa sababu za usalama. Watengenezaji walikata rufaa, mazungumzo yakaendelea, na kibali kikatolewa Mei 2013 kikiwa na masharti makali.

Mashine ingetumiwa kwa watu wazima wenye umri wa miaka 18 na zaidi, walio na afya njema au maradhi madogo yaliyodhibitiwa. Ingetumiwa kwa endoskopi ya njia ya juu ya chakula na ya utumbo mpana pekee. Ingefikisha mgonjwa kwenye utulivu mwepesi au wa wastani, basi. Waliohusika sharti wapate mafunzo maalumu. Zaidi ya yote, mtaalamu wa nusukaputi alipaswa kuwa karibu, tayari kuitikia wito wakati wowote.

Wapinzani wakuu walikuwa madaktari wa nusukaputi. Walihoji kwamba jaribio lilimlinganisha mgonjwa wa mashine na yule wa dawa za zamani, wala halikumlinganisha na aliyehudumiwa na bingwa wa kazi hiyo. Waliuliza pia nani angefungua njia ya hewa ya mgonjwa iwapo ingejifunga. Wapo waliodai kwamba wapinzani hao walikuwa wakilinda mapato yao. Yamkini hoja zote mbili zilikuwa na ukweli, lakini kuwepo kwa masilahi ya pesa hakukulifanya swali la usalama kuwa la uongo.

Mtu asiyeweza kubadilishwa

Kinachomuua mgonjwa wa dawa ya usingizi kwa kawaida ni ukosefu wa hewa. Misuli ya koo hulegea, ulimi ukarudi nyuma, na njia ya hewa ikafungika. Kifua chaweza kuendelea kupanda na kushuka huku hewa isiingie. Ubongo huanza kudhurika baada ya dakika chache tu bila oksijeni.

Hatua za kuokoa ni za mikono. Mtu huinua kidevu na kusukuma taya mbele, huondoa mate kwa mrija wa kufyonza, hufunika uso kwa barakoa na kusukuma hewa kwa mfuko wa mkononi, na ikishindikana hupitisha bomba kwenye koromeo. Katika endoskopi ya njia ya juu kazi hii ni ngumu zaidi kwani mrija wa daktari umekwisha kukaa kinywani, mgonjwa amelala kwa ubavu wa kushoto, na mara nyingi taa zimepunguzwa ili skrini ionekane.

Sedasys iliweza kutambua hatari, kukatiza dawa na kuamuru mgonjwa avute pumzi. Haikuweza kuinua kidevu. Kumpa mgonjwa dawa kwa kipimo sahihi ni nusu ya kazi tu, na nusu ya pili, ile ya kumrejesha anapoacha kupumua, ilibaki mikononi mwa binadamu. Ndiyo maana FDA ilisisitiza kwamba mtaalamu awe karibu. Na maadamu mtaalamu alipaswa kuwa karibu, sehemu ya akiba iliyoahidiwa ilipungua.

Lakini kuwepo kwa mtaalamu peke yake si hirizi. Mnamo Agosti 28, 2014, mchekeshaji mashuhuri Joan Rivers, aliyekuwa na umri wa miaka 81, alifanyiwa uchunguzi wa koo na endoskopi ya njia ya juu katika kliniki moja jijini New York. Mashine ya Sedasys haikutumika. Alipewa propofol na daktari wa nusukaputi. Moyo wake ulisimama, na akafariki Septemba 4. Mchunguzi wa vifo wa jiji alieleza kwamba ubongo ulidhurika kwa kukosa oksijeni wakati wa uchunguzi huo. Wakaguzi wa serikali kuu walisema wahudumu hawakutambua mapema kwamba dalili zake za uhai zilikuwa zikidhoofika, wala hawakuchukua hatua kwa wakati.

Visa hivi viwili, cha mashine na cha mchekeshaji, vinaelekeza kidole mahali pamoja. Usalama hutegemea macho yasiyobanduka kwenye pumzi ya mgonjwa na mikono iliyo tayari. Mashine haichoki, haisinzii wala haivutiwi na picha iliyo kwenye skrini ya daktari. Katika kuangalia, huenda inamshinda binadamu. Katika kutenda, haikuwa na viungo.

Kwa nini haikununuliwa

Miongoni mwa hospitali za kwanza kuitumia Sedasys ilikuwa Virginia Mason jijini Seattle, mwaka 2014. Madaktari wa huko walichapisha uzoefu wao baadaye, wakati mashine ilikuwa imekwisha kuondolewa sokoni, na wakaeleza kwamba kwa endoskopi ya njia ya juu ilifanya kazi vyema, iliokoa muda na ilikuwa salama ikilinganishwa na midazolam na fentanyl.

Hata hivyo, hospitali zilizofuata mfano huo zilikuwa chache. Sababu zilikuwa kadhaa. Kwanza, madaktari wengi walikuwa wamezoea wagonjwa walio katika usingizi mzito, wasiosogea, ilhali mashine iliruhusiwa kufika utulivu wa wastani tu. Baadhi ya wagonjwa walikohoa na kujipindua, jambo ambalo hutokea zaidi kooni kuliko katika uchunguzi wa utumbo mpana. Pili, wagonjwa wenye maradhi ya moyo, mapafu au unene wa kupindukia hawakufaa, na hao si wachache Marekani. Hospitali ingenunua mashine na bado imhitaji mtaalamu kwa ajili yao.

Tatu, ulikuwepo mfumo wa malipo. Bima zilipokuwa zikimlipa mtaalamu wa nusukaputi ada yake kando, kliniki nyingi hazikupata hasara kwa kumwita, zingine zilifaidika. Mashine iliyopunguza gharama za taifa haikupunguza gharama za yule aliyetakiwa kuinunua. Januari 2016, Johnson & Johnson ilitangaza mpango wa kupunguza takriban kazi 3,000 katika kitengo chake cha vifaa vya tiba. Miezi miwili baadaye ikajulikana kwamba Sedasys haitauzwa tena.

Utafiti wa dawa nao haukukoma. Mwaka 2020, FDA iliidhinisha remimazolam, dawa inayoisha mwilini upesi na ambayo, tofauti na propofol, huzimwa na flumazenil. Njia hiyo ililenga tatizo lile lile kutoka upande mwingine: badala ya mashine inayojua kusita, dawa inayoweza kurudishwa nyuma.

Yanayomhusu msomaji wa Kenya

Nchini Kenya, endoskopi ya njia ya juu si anasa. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi zaidi nchini, na eneo la Bonde la Ufa Kusini limejulikana kwa miongo mingi kuwa na wagonjwa wengi. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet, wamewahi kuripoti hata vijana wasiofika miaka 30 walioshikwa na maradhi hayo. Wengi hufika hospitalini wakati chakula kigumu hakipiti tena. Mrija wenye kamera ndio hutambua ugonjwa mapema, na ndio huo huo hutumika kuweka bomba la kuuacha umio wazi pale tiba ya kuponya inapokuwa imechelewa.

Mazingira ya huku hayafanani na yale yaliyoizaa Sedasys. Marekani ilitafuta jinsi ya kuwatumia wataalamu wachache zaidi ingawa inao wengi. Kenya inao wachache mno. Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Madaktari wa Nusukaputi limependekeza angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000, na mataifa mengi ya Afrika, Kenya ikiwemo, yako chini sana ya kiwango hicho. Pengo hilo huzibwa na maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea kazi ya nusukaputi.

Kwa sababu hiyo mtu anaweza kudhani kwamba mashine kama Sedasys ingefaa zaidi huku kuliko kule. Dhana hiyo inasahau sharti kuu. Mashine iliruhusiwa kufanya kazi pale tu ambapo mwokozi alikuwa karibu. Panapokosekana mwokozi, mashine inayojua kupiga king'ora itamwita nani? Vifaa ambavyo vingeleta manufaa ya haraka ni vya kawaida zaidi: kipimo cha oksijeni kidoleni kwa kila mgonjwa, kipimo cha hewa ya kaboni, oksijeni ya kutosha, mfuko wa kusukuma hewa na mtu aliyefunzwa kuutumia. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2008 ilikitaja kipimo cha oksijeni miongoni mwa mambo ya kuhakikishwa kabla ya mgonjwa kulazwa kwa dawa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulala

Mgonjwa aliyeandikiwa endoskopi ana haki ya kuuliza, na si utovu wa adabu kufanya hivyo. Atapewa dawa gani, na je, inawezekana kutumia ganzi ya koo pekee? Ni nani atakayeangalia pumzi zake, na je, mtu huyo atakuwa na kazi nyingine wakati huo? Oksijeni na mfuko wa kusukuma hewa vimo chumbani? Nani atamwokoa endapo atazama kupita kiasi?

Naye ana wajibu wa kusema ukweli. Aeleze kama hukoroma sana au hukatika pumzi usingizini, kama ana pumu, ugonjwa wa moyo au wa ini, kama hunywa pombe kwa wingi, na dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba. Akiambiwa asile kwa saa kadhaa, atii. Chakula kilichobaki tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa hana fahamu za kujikinga. Baada ya uchunguzi asiendeshe gari siku hiyo, asitie saini mkataba wowote, na arudi nyumbani na mtu wa kumsindikiza.

Sedasys ilimwuliza mgonjwa swali moja tu, tena na tena: bana mkono wako ikiwa unanisikia. Asipobana, ilikataa kumwongezea dawa. Mhudumu yeyote anayemlaza mtu anapaswa kufanya angalau hilo, kisha afanye lile ambalo mashine haikuweza: ainue kidevu cha mgonjwa, ampe hewa, asiondoke mpaka aamke.